Wadogo wa Udongoni na Wajibu Wetu wa Kutunza



Wapendwa, katika somo hili tuwatafakari viumbe tunaowakanyaga kila siku bila kuwaona, tukianzia kwenye kakao ya Kyela.

Ua la mkakao huchavushwa hasa na inzi wadogo mno wa jamii ya usubi. Inzi hao huzaliana katika majani na maganda ya kakao yanayooza chini ya mti. Basi mavuno ya juu hutegemea uhai wa chini.

Dhidi ya ugonjwa wa kuoza maganda, wakulima wa kakao duniani hutumia dawa zenye shaba. Shaba haiozi; hulimbikizana udongoni. Siku hizi watafiti wanatengeneza pia mbolea na viuatilifu vya nano, vyenye chembe za shaba, zinki au madini ya fedha. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na chembe hizo zina nanomita 1 hadi 100. Faida ipo: chembe ndogo zina nguvu zaidi, hivyo dawa kidogo yaweza kutosha. Lakini nguvu hiyo haibagui. Katika majaribio ya maabara, nyungunyungu wameukimbia udongo wenye chembe za fedha. Na dozi ikizidi, huzaa kidogo hata kama hawafi. Anayehesabu waliokufa tu hataiona hasara hiyo. Tena mvua za Kyela ni nyingi, na mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hubeba udongo hadi Ziwa Nyasa.

Je, tukatae teknolojia? Hapana. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kuwa Mungu aliumba viumbe wengi na tofauti kwa sababu kiumbe kimoja hakitoshi kuudhihirisha wema wake. Papa Fransisko, katika Laudato Si' (2015), anawataja hata minyoo na wadudu. Anakumbusha pia kanuni ya tahadhari ya Azimio la Rio la 1992: penye hatari ya madhara makubwa au yasiyorekebishika, tusingoje uhakika kamili ndipo tujikinge. Anayeleta kitu kipya ndiye athibitishe usalama wake.

Kitabu cha Mwanzo (2:15) kinaunganisha kulima na kutunza. Tusivitenganishe.

Maswali kwa jumuiya:
1. Kabla ya kununua dawa mpya, tunamuuliza nani athari zake kwa udongo?
2. Maganda ya kakao tunayapeleka wapi baada ya kuvuna?