ORKARIA NA ENAIPOSHA: NANI ALIYEONJA MAJI YAKE?



Muhula uliopita nilishindwa katika mdahalo wa chama chetu, tena nilishindwa vibaya. Hoja ilisema kwamba elimu ya falaki haina faida kwa kijana wa Pwani, nami nilikuwa upande wa kupinga. Nikasimama kwa madaha, nikatangaza kwamba sayari iitwayo Enaiposha imejaa maji, kwani jina lenyewe ni la Kimaasai na maana yake ni maji mengi kama ya ziwa. Msichana mmoja wa Kidato cha Pili akainua mkono: "Kaka, ulifika lini ukayaonja?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Sikuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu langu. Limechelewa, lakini kawia ufike.

Orkaria ni nini?

Orkaria ni nyota ndogo nyekundu iliyo umbali wa miaka ya nuru 48 hivi. Wataalamu huiita GJ 1214. Mwaka 2009 iligunduliwa sayari inayoizunguka kwa muda wa saa 38 tu. Mwaka 2023 Umoja wa Kimataifa wa Falaki ulikubali majina yaliyopendekezwa na kikundi cha Wakenya: nyota ikawa Orkaria, yaani ile ngeu nyekundu ya kujipaka, na sayari ikawa Enaiposha. Sisi wa huku tusilione jambo hili geni. Satelaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, hapa baharini Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970.

Uzito wa Orkaria haufiki humusi ya uzito wa Jua. Uso wake una joto la kelvini 3,100 hivi, ilhali Jua lina 5,800. Chini ya nyota kama hizi wako vibete vya kahawia. Hivi ni vizito kuliko sayari ya Mshtarii mara 13 hadi 75 hivi, lakini vimeshindwa kuendeleza moto wa hidrojeni kama nyota kamili. Ni kama makaa yaliyoshika moto kidogo kisha yakaanza kupoa.

Somo la kwanza: chumvi motoni

Mwalimu akiwepo, chukua chembe za chumvi ya Gongoni unyunyize kwenye mwako wa buluu wa gesi. We! Mwako hugeuka manjano papo hapo. Hiyo ni saini ya sodiamu, na kila elementi ina saini yake. Gesi hiyo hiyo ikikaa mbele ya mwanga mkali zaidi, huimeza rangi ile ile na kuacha pengo jeusi. Katika nuru ya vibete vya kahawia, sodiamu na potasiamu huacha mapengo mapana sana. Mwaka 1995, katika nuru ya kibete kiitwacho Gliese 229B, ilionekana saini ya methani, gesi ambayo haiwezi kudumu kwenye joto la nyota ya kawaida.

Somo la pili: maji ya Sabaki

Simama Watamu bahari ikiwa shwari, utaona matumbawe chini kabisa. Sasa nenda mdomo wa Sabaki baada ya mvua za bara. Hutaona zaidi ya shubiri moja. Bahari ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali jicho linapokwama.

Nyota nayo haina ngozi. Tunachokiita uso wake ni pale jicho linapokwama, na kila rangi hukwama kina chake. Rangi inayomezwa sana na mvuke wa maji hutufikia kutoka juu, penye baridi. Isiyomezwa hutoka chini, penye joto. Basi tukizipima rangi moja moja, tunasoma matabaka ya angahewa.

Somo la tatu: kujenga modeli

1. Kisia joto la nyota, nguvu yake ya uvutano na viambato vyake.

2. Igawe angahewa matabaka. Kila tabaka libebe uzito wa yaliyo juu yake, na nishati inayoingia ilingane na inayotoka.

3. Piga hesabu ya molekuli zilizomo na rangi zinazomeza. Hapa ndipo penye kazi! Kwenye nyota baridi atomi huungana zikawa oksidi ya titani na mvuke wa maji. Orodha moja ya mwaka 2006, ya mvuke wa maji peke yake, ina mistari zaidi ya milioni 500. Kwenye vibete baridi zaidi, hata vumbi la madini hufanya mawingu.

4. Linganisha na nuru halisi. Zikitofautiana, rudi hatua ya kwanza.

Mtaalamu France Allard, aliyefanya kazi Lyon, Ufaransa, na kufariki mwaka 2020, alitumia miaka mingi katika kazi hii.

Je, maji yapo?

Sayari ikipita mbele ya nyota yake, nuru ya nyota hupenya hewa ya sayari na kuchukua saini zake. Lakini angalia mtego! Madoa ya nyota yana mvuke wa maji yenyewe. Hata kwenye madoa ya Jua ulitambuliwa mwaka 1995. Mwaka 2023 darubini ya James Webb iliona dalili ya maji kwa nyota GJ 486 na sayari yake, na wataalamu hawakuweza kuamua kama ni ya sayari au ya madoa. Ukikosea modeli ya nyota, utaisingizia sayari.

Na Enaiposha? Vipimo vya darubini ya Hubble vilivyochapishwa mwaka 2014 havikuonyesha saini yoyote: kuna ukungu, mfano wa Sabaki iliyofurika. Mwaka 2023 James Webb ilipima joto lake: nyuzi 280 za selsiasi hivi mchana, 165 hivi usiku. Dalili za mvuke wa maji zilikuwepo, lakini hazikutosha kukata shauri.

Basi dada yangu, hakuna aliyeonja. Jina si ushahidi, nami nilikosea. Lakini kujua jicho limekwama wapi, na kwa nini, nako ni elimu. Siku ya mdahalo ningesema hivyo, pengine ningeshinda.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini tunasema nyota haina ngozi?

2. Eleza jinsi madoa ya nyota yanavyoweza kutudanganya kuhusu sayari.

3. Taja jambo moja unaloliamini kwa sababu ya jina lake tu. Ungelichunguzaje?