Tela linakwenda nisikotaka

*Mimi ni dereva mpya wa semi-tela. Nikirudi nyuma, tela linakimbilia upande mwingine na kujikunja. Nifanyeje?*
*Dereva, Dar es Salaam*

Ndugu dereva, wengi huanza hivyo. Tela hujipinda kwenye pini inayoliunga na kichwa, kwa hiyo usukani ukienda kulia, mkia huenda kushoto. Shika usukani kwa chini: mkono ukisogea kulia, mkia nao huenda kulia. Tumia gia ndogo, gari litambae. Tela likianza kujaa kwenye kioo kimoja, zungusha usukani kuelekea kioo hichohicho (mkono ulio chini uende upande wa pili), kidogo na mapema. Ukichelewa usilazimishe, songa mbele, linyooke, uanze tena. Jifunzie kwenye uwanja mtupu, ukipindia kulia, upande uliokaa wewe. Utingo anayekuelekeza akipotea kwenye kioo, simama papo hapo. Tela likiendelea kujikunja hata uwanjani, tafuta mkufunzi akae nawe kabla hujaingia yadi yenye watu.