Kufundisha Meza ya Bwana Katika Darasa la Madhehebu Mbalimbali

Mwalimu aingiapo katika kipindi cha dini mkoani Singida aweza kukuta mtoto wa Kikatoliki na wa Kilutheri wameketi dawati moja. Jumapili, hata hivyo, hawaendi kwenye meza moja. Ni vema somo lianzie hapo, pasipo kuficha.

Tuanze na sinia la ugali wa uwele. Watoto wajua kwamba mwenye kinyongo hukaa kando, hata kama ana njaa. Kisha tuwasomee Wakorintho wa Kwanza, sura ya 11, Paulo anapowakemea waliokula wakashiba huku maskini wakikaa na njaa.

Tusiigize sakramenti yenyewe. Sisi tulipata kugawa chapati darasani kwa nia njema; mtoto mmoja akaikataa, akisema hajapokea Komunyo ya Kwanza. Alikuwa ametuzidi kuelewa.

Akiulizwa meza ipi ni ya kweli, mwalimu asihukumu. Aeleze kwamba Wakatoliki husadiki kuwa mkate na divai hugeuka kuwa Mwili na Damu ya Kristo. Walutheri nao husadiki kuwa Kristo yumo kweli, mkate ukibaki mkate na divai ikibaki divai. Pande zote mbili hukiri kwamba ndiye ajitoaye. Mengine mtoto aelekezwe kwa katekista au mchungaji wake.

Kwa zoezi la mwisho, kila mtoto ataje kimoyomoyo ni nani ambaye hangependa kula naye sinia moja, na sababu yake. Majibu yasikusanywe.