Boneti Nyepesi kwa Gari la Mwendo wa Kasi: Uzito, Upepo na Ufungaji Wake

Boneti ni kifuniko kipana cha chumba cha injini. Kwa mtazamo wa kwanza kazi yake ni ndogo: kuzuia mvua na vumbi, na kufunguka pale fundi anapotaka kuikagua injini. Lakini kifuniko hicho kina kazi nyingine tatu zisizoonekana kwa urahisi. Huiongoza hewa ipite juu ya kioo cha mbele, huhimili kani ya upepo gari liendapo kasi, na hukunjamana kwa mpango maalumu gari linapogonga kitu. Mwenye gari anayeondoa boneti ya chuma iliyotoka kiwandani na kuweka nyingine nyepesi hana budi kuhakikisha kwamba kazi hizo zote zinaendelea kutimizwa. Boneti inayofunuka gari likiwa katika mwendo hupiga kioo cha mbele na kumziba dereva macho kwa nukta moja.

Malighafi Zitumikazo

Matumizi ya bodi nyepesi si jambo jipya. Gari la Chevrolet Corvette lilianza kutengenezwa mwaka 1953 likiwa na bodi ya nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Royal Aircraft Establishment, huko Farnborough nchini Uingereza, walivumbua njia ya kutengeneza nyuzi za kaboni zenye nguvu kubwa. Mwaka 1981 McLaren MP4/1 likawa gari la kwanza la Formula 1 lenye kiunzi kilichojengwa kwa nyuzi hizo. Alumini nayo imetumika sana: Nissan Skyline GT-R na Mazda MX-5 za mwaka 1989 zilitoka kiwandani na boneti za alumini.

Jambo hili la mwisho lina maana kwa mnunuzi. Kabla ya kutoa fedha yafaa kujua boneti iliyopo imetengenezwa kwa kitu gani. Sumaku ndogo hutosha: hunata juu ya chuma, lakini hainati juu ya alumini.

Hesabu ya Uzito na Ukakamavu

Wepesi peke yake hautoshi, kwani karatasi pia ni nyepesi. Boneti inatakiwa iwe na ukakamavu, yaani uwezo wa kukataa kupindika. Ukakamavu wa bamba hutegemea mambo mawili: moduli ya Young ya kitu chenyewe, na unene wa bamba ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu. Kwa hiyo bamba likiongezwa unene mara mbili, ukakamavu wake huongezeka mara nane. Hii ndiyo sababu kitu chenye moduli ndogo chaweza kushindana na chuma kikiongezwa unene kidogo tu.

Ichukuliwe boneti yenye eneo la mita za mraba 1.4, ambayo bamba lake la nje ni chuma chenye unene wa milimita 0.7. Mabamba mengine yenye ukakamavu ulio sawa na huo yatakuwa hivi:

Chuma: moduli gigapaskali 210, densiti kilogramu 7,850 kwa mita ya ujazo, unene milimita 0.7, uzito kilogramu 7.7.
Alumini: moduli 70, densiti 2,700, unene milimita 1.0, uzito kilogramu 3.8.
Nyuzi za kaboni zilizofumwa, ndani ya resini: moduli 60, densiti 1,550, unene milimita 1.1, uzito kilogramu 2.3.
Mkeka wa nyuzi za kioo, ndani ya resini: moduli 8, densiti 1,500, unene milimita 2.1, uzito kilogramu 4.4.

Takwimu za nyuzi hubadilika kwa kadiri ya ufumaji na kiasi cha resini, lakini fundisho lake ni wazi. Alumini hupunguza uzito wa bamba kwa nusu, na nyuzi za kaboni hupunguza kwa zaidi ya theluthi mbili. Nyuzi za kioo ni nafuu kwa bei, lakini kwa ukakamavu ulio sawa ni nzito kuliko alumini. Hivyo mwenye gari lenye boneti ya alumini hapati faida yoyote ya uzito akiweka boneti imara ya nyuzi za kioo.

Aidha, ziko boneti zilizojengwa kwa nyuzi za kioo na kufunikwa tabaka moja tu la kaboni kwa ajili ya urembo. Macho hayawezi kuzitofautisha na zile za kaboni tupu, mizani yaweza. Muuzaji mwaminifu hatakataa boneti yake ipimwe mbele ya mnunuzi.

Faida Inayopatikana

Boneti ya chuma, pamoja na fremu yake ya ndani, huwa na uzito mkubwa kuliko wa bamba la nje peke yake. Tuseme badiliko limeokoa kilogramu 10 katika gari la kilogramu 1,400. Kani ya injini haikubadilika, na mchapuko huongezeka kwa kadiri uzito unavyopungua. Kilogramu 10 ni chini ya asilimia moja. Gari lililokuwa likifikia kilometa 100 kwa saa katika sekunde 6 sasa litatumia sekunde 5.96 hivi. Hakuna dereva atakayeihisi tofauti hiyo bila saa.

Faida nyingine ni ya mahali uzito ulipotoka. Boneti hukaa juu na mbele, karibu kabisa na ekseli ya mbele. Ikiwa ekseli hiyo ilibeba kilogramu 840, yaani asilimia 60 ya uzito wote, sasa itabeba kilogramu 830 kati ya 1,390, yaani asilimia 59.7. Kitovu cha uzito nacho hushuka kama milimita 3, ikichukuliwa kwamba kilikuwa sentimeta 50 kutoka chini na boneti sentimeta 90. Ni hatua ndogo kuelekea upande ulio sawa. Mshindani wa mbio huzijumlisha hatua nyingi za namna hiyo. Mwenye gari la matumizi ya kila siku apime kama gharama na hatari zake zinastahili.

Kani ya Upepo

Hewa inayoingia kwa mbele kupitia rejeta huongeza kanieneo chini ya boneti. Hewa inayopita juu ya ukingo wa mbele huongeza mwendo, na kanieneo yake hupungua. Tofauti hiyo huisukuma boneti kwenda juu.

Gari likienda kilometa 100 kwa saa, kanieneo ya mwendo wa hewa ni kama paskali 473. Kwa kilometa 200 ni paskali 1,890, yaani mara nne, kwa sababu kanieneo hiyo hufuata mraba wa mwendo. Ikiwa tofauti kati ya chini na juu ni sehemu 0.3 tu ya kiasi hicho, boneti ya mita za mraba 1.4 huinuliwa kwa kani ya nyutoni 198 katika kilometa 100 kwa saa, na nyutoni 794 katika kilometa 200. Kani hii ya pili ni sawa na uzito wa kilogramu 81. Boneti yenye uzito wa kilogramu 7 haiwezi kukaa mahali pake kwa uzito wake. Vifungo ndivyo vinavyoizuia.

Katika magari mengi bawaba zipo karibu na kioo, na kitasa kipo mbele. Kitasa kikiachia, upepo huifunua boneti kuelekea kwa dereva. Magari machache yana bawaba mbele, mathalani Datsun 240Z, iliyoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na tena 1973. Katika mpango huo kitasa kikiachia, upepo wenyewe huikandamiza boneti.

Hatua za Kufunga

Kwanza, boneti mpya iwekwe mahali pake kwa majaribio kabla haijapakwa rangi wala kutobolewa. Kazi hii huhitaji watu wawili.

Pili, kabla ya kuondoa boneti ya zamani, alama zichorwe kuzunguka bawaba, na mipira ya maji ya kioo itenganishwe. Boneti mpya ifungwe kwa bolti zilizolegea, kisha isogezwe hadi mianya ya kushoto na kulia ilingane. Hapo ndipo bolti zikazwe.

Tatu, kitasa kirekebishwe. Boneti ishushwe polepole kwa mkono, kamwe isibamizwe. Upinde wa chuma unaoingia katika kitasa uingie katikati bila kusugua upande wowote, na ndoana ya usalama ifanye kazi.

Nne, zifungwe pini mbili za nyongeza karibu na pembe za mbele. Kanuni za FIA za magari ya mashindano hutaja vifungo hivyo vya usalama, na boneti nyepesi inavihitaji hata nje ya mashindano. Pini zikite katika mwamba wa chuma unaoshika rejeta, si katika plastiki ya bampa. Ili kupata mahali pa tundu, udongo laini uwekwe juu ya pini na boneti ishushwe hadi iguse. Alama itabaki kwa ndani. Bamba dogo la chuma kisichoshika kutu liwekwe juu ya kila tundu, ili kani isambae na isiupasue ukingo.

Tano, mikono ya gesi ichunguzwe. Ile iliyopimwa kwa boneti ya kilogramu 18 itaisukuma ya kilogramu 7 kwa nguvu kupita kiasi, na pembe za bawaba zitapasuka. Dawa yake ni mikono dhaifu zaidi au fimbo ya kawaida ya kutegemeza.

Katika kutoboa na kupiga msasa, fundi avae miwani na kinga ya pua na mdomo. Vumbi la kaboni hudhuru mapafu. Kadhalika hupitisha umeme, na likitua kwenye viunganishi vya nyaya laweza kuleta shoti. Msasa wa maji hupunguza vumbi hilo.

Jua, Joto na Ulikaji

Mionzi ya jua huharibu resini ya epoksi: huigeuza kuwa ya manjano, kisha huifanya iwe kama chokaa. Kwa hiyo vanishi yenye kinga ya mionzi ni ya lazima. Joto la injini nalo hulainisha resini isiyokaushwa katika tanuri, hasa juu ya tabochaja. Karatasi ya kuakisi joto ibandikwe kwa ndani.

Kaboni ikigusana na alumini au chuma cha kawaida mahali penye maji ya chumvi, hutokea seli ya umeme, na metali ndiyo inayoliwa. Katika miji ya pwani madhara haya huja upesi. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, na washa za plastiki zitenge kaboni na metali nyingine.

Wakati wa Ajali

Fremu ya ndani ya boneti ya kiwandani huwa na mistari dhaifu iliyowekwa makusudi ili ikunjike katikati wakati wa mgongano, na isiteleze nzima kuelekea kioo. Pia hubonyea kidogo ikimgonga mtembea kwa miguu. Boneti ya nyuzi haikunjiki. Huvunjika vipande vyenye makali. Isiyo na fremu yoyote ya ndani ifaa kiwanja cha mashindano, si barabara yenye watu.

Mwisho, majaribio yafanywe kwa mwendo mdogo, kisha uongezwe kidogo kidogo ndani ya mipaka ya sheria. Ukingo wa boneti ukionekana kutetemeka, gari lisimamishwe na vifungo vikaguliwe. Pini na bawaba zikaguliwe tena kabla ya kila safari ndefu.

Maswali ya Kujipima

1. Kwa kutumia mfano uliotolewa, tafuta kani inayoinua boneti katika kilometa 140 kwa saa.
2. Kwa nini bamba la alumini lenye unene wa milimita 1.0 lina ukakamavu sawa na la chuma la milimita 0.7?
3. Gari lina boneti ya alumini. Eleza kwa nini boneti ya nyuzi za kioo haitalipunguzia uzito.