Pembe ya Chuma cha Gofu na Miteremko ya Nyeri

Mpira ukitua mahali palipo juu kuliko miguu yako, kedi mzoefu wa Nyeri hasubiri kuulizwa. Anakuonyesha mti ulio kulia kwa bendera na kukuambia ulenge pale, maana kutoka hapo mpira utakwenda kushoto. Ukitua chini kuliko miguu, anakuhamishia shabaha upande wa kushoto. Kwa anayecheza kwa mkono wa kulia, ushauri huo ni sahihi kila mara, na ndani yake mna jibu la swali ambalo wachezaji wengi hubishana juu yake wanapochagua fimbo: je, pembe ya ulalo wa chuma ina maana yoyote?

Pembe hiyo ni rahisi kuiona. Simamisha chuma sakafuni, soli yake ikiwa imelala sawasawa, kisha tazama mpini unavyopanda kuelekea mikononi. Pembe iliyopo kati ya sakafu na mpini ndiyo tunayoizungumzia. Kwa chuma namba 7 huwa kama digrii 62; vyuma virefu hulala zaidi, vifupi husimama zaidi. Usiichanganye na mwinamo wa uso, yaani jinsi uso wa chuma ulivyoegemea nyuma ili kuurusha mpira juu. Ni pembe mbili tofauti, lakini kazi ya moja hutegemea ukubwa wa nyingine, na hapo ndipo penye utamu wa somo hili.

Chukua kitabu chenye jalada gumu. Kisimamishe wima mezani, jalada likitazama ukuta ulio mbele yako. Sasa inua pembeni upande wake wa kulia, kana kwamba meza imeinama, bila kugeuza jalada. Jalada bado linautazama ukuta palepale. Umekiinamisha kitabu, lakini shabaha haijahama hata kidogo. Rudia, safari hii ukikiegemeza kitabu nyuma kwanza, nusu ya njia kuelekea kulala, kisha uinue upande wa kulia vilevile. Jalada sasa linatazama juu na kushoto. Ukikilaza kabisa, jalada likitazama dari, kila digrii ya kuinua upande mmoja inalielekeza jalada upande wa pili moja kwa moja, wala hakuna sehemu yake inayobaki kwenda mbele.

Kwa hiyo kosa la pembe ya ulalo huwa na nguvu kadiri uso wa chuma ulivyoegemea nyuma. Hesabu yake ni fupi: tanjenti ya mwinamo wa uso zidisha kwa saini ya kosa la ulalo, nawe unapata tanjenti ya mkengeuko. Chukua kosa la digrii 2. Kwa fimbo ya kusukumia mpira shimoni, ambayo uso wake umeegemea kama digrii 3 na nusu tu, mpira wa mita 3 utakengeuka milimita 6, na shimo lina upana wa milimita 108. Kwa chuma namba 3 chenye mwinamo wa digrii 21, uso hukengeuka karibu digrii 0.8. Kwa namba 7 ya digrii 34 ni 1.35, ambayo kwa mita 140 ni mita 3 na zaidi. Kwa weji ya digrii 46 ni digrii 2 na kidogo, nayo kwa mita 100 hukutoa nje ya mstari kwa zaidi ya mita 3 na nusu, tena kwa fimbo ambayo kila mchezaji huitegemea impeleke karibu na bendera.

Mpira hauanzi safari sawasawa kabisa na uso. Huanza karibu nao, halafu msokoto huukunja kuelekea upande uleule. Matokeo yanakaribia hesabu hiyo.

Rudi sasa kwa kedi wetu. Mpira ukiwa juu ya miguu kwenye mteremko wa digrii 5, chuma kikalala sawasawa na ardhi, ncha yake imeinuka digrii 5 kuliko ambavyo ingekuwa tambarare. Ni kile kitabu kilichoinuliwa kulia. Weji ya mita 100 itakutupa kushoto karibu mita 9. Mteremko na chuma chenye pembe isiyokufaa hufanya kazi moja kabisa. Tofauti ni kwamba mteremko unauona na unaurekebishia, ilhali mwenye chuma kibaya hutembea na mteremko wake ndani ya mfuko, akaupeleka hata kwenye tambarare za Nanyuki bila kujua.

Jambo moja zaidi la nyanda hizi. Nyeri iko kama mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Hewa nyepesi hupunguza mkunjo wa mpira angani, na wageni kutoka pwani huufurahia sana msamaha huo. Mwelekeo wa kuanzia, hata hivyo, huamuliwa pale uso unapogusana na mpira, kabla hewa haijafanya lolote. Na kwa kuwa mpira huku huruka mbali zaidi, kosa hilohilo la digrii hupata mita nyingi zaidi za kupanuka.

Je, utajuaje kama vyuma vyako vinakufaa? Wengi huanza kwa kusimama tayari kupiga na kutazama kama soli imelala vizuri. Kipimo hicho kinadanganya. Unapopiga, mikono hupanda juu kidogo kuliko ilipokuwa, na uzito wa kichwa cha chuma, ambao hauko kwenye mstari wa mpini, huvutwa kwa kasi kuelekea nje hadi mpini unapinda na ncha inashuka. Chuma kinachokufaa, ukisimama nacho kwa utulivu, huwa na ncha iliyoinuka kiasi cha kupitisha sarafu. Kikilala bapa kabisa ukiwa umetulia, huenda ncha ikachimba ukipiga.

Shimo la nyasi lililobaki baada ya pigo nalo husema kitu: likiwa na kina zaidi upande wa ncha, chuma kimelala mno, upande wa kisigino, kimesimama mno. Lakini Nyeri siamini ushahidi huo peke yake. Ardhi huinama hata pale jicho linapoiona sawa, na nyasi zetu za Kikuyu, ambazo zilitoka nyanda hizi hizi zikafika hadi uwanja wa Riviera huko Los Angeles, husuka mtandao mnene unaoshika shingo ya chuma na kuufunga uso. Mpira ukaenda kushoto, ukaisingizia pembe.

Kipimo ninachokipendekeza kinahitaji kalamu ya ubao mweupe tu. Chora mstari mnene kwenye mpira, uweke mahali tambarare, mstari ukisimama wima na kuutazama uso wa chuma. Piga pigo lako la kawaida, kisha tazama uso: wino umeacha alama. Ikisimama wima juu ya mifereji ya uso, kama herufi T iliyonyooka, pembe inakufaa. Kichwa cha mstari kikiegemea upande wa ncha, chuma kimesimama mno na mipira yako huelekea kushoto. Kikiegemea kisigino, kimelala mno na huelekea kulia. Futa, urudie mara kadhaa, maana pigo moja si ushahidi. Anza na weji na namba 9, kwa sababu ya uliyoyaona kwenye kitabu.

Wanaonunua vyuma vya mitumba waangalie pia nukta ya rangi kwenye vyuma vya Ping: nyeusi ni pembe ya kawaida, nyekundu imelala zaidi, bluu imesimama zaidi. Vyuma vya kufuliwa, vya chuma laini, hupindishika digrii 2 au 3 kwenye mashine yake. Vile vilivyomiminwa kwenye kalibu hukataa mapema na vinaweza kukatika shingoni, kwa hiyo usikubali mtu avibane kwenye jiriwa na kuvivuta kwa bomba.

Na anayemkatia mtoto fimbo za mtu mzima akumbuke kwamba kila nusu inchi inayoondoka kwenye mpini hukifanya chuma kiwe kama kimelala kwa digrii 1 zaidi. Mtoto aliyekatiwa inchi 2 huenda akapiga kwa ncha iliyozama, mpira wake ukaenda kulia, naye akaambiwa arekebishe mikono. Mpimie kwa wino kwanza.