Kichwa Kuuma Pasipo Malaria

Katika vijiji vya Musoma, Bunda na Butiama, mtu akiumwa kichwa hudhaniwa mara moja kuwa ana malaria. Dhana hiyo ina msingi, kwa kuwa malaria ingalipo kandokando ya Ziwa. Lakini je, ikiwa kipimo cha damu hakionyeshi vimelea mara kwa mara, hali kichwa chaendelea kuuma? Hapo hapana budi kutafuta sababu nyingine.

Mwili hujilinda kwa kingamwili, yaani protini zinazoshika vijidudu ili viangamizwe. Pengine kinga hiyo hupotoka, ikaushambulia mwili wenyewe. Ugonjwa wa lupasi ni mfano mmoja. Huwapata zaidi wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mwaka 1983 Graham Hughes wa London alieleza hali nyingine iliyo jirani yake, ambayo kingamwili huifanya damu igande upesi mno. Donge likiziba mshipa unaoondoa damu katika ubongo, damu hurundikana, shinikizo ndani ya fuvu huongezeka, na kichwa huuma vikali.

Hata hivyo, kuumwa kichwa peke yake si uthibitisho wa lupasi. Kipandauso, kwa mfano, hutokea mara nyingi zaidi. Tabibu hutazama dalili kwa pamoja: maumivu ya maungio, vipele mashavuni hasa baada ya jua, vidonda vya kinywa, na homa isiyoelezeka. Kisha huagiza vipimo vya damu na mkojo.

Klorokwini, iliyokuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini hadi mwaka 2001, huweza pia kutuliza lupasi. Siku hizi hutumika zaidi dawa ya jamii yake, haidroksiklorokwini. Basi dawa moja yaweza kutuliza magonjwa mawili yenye asili mbalimbali. Kupata nafuu si ushahidi wa jina la ugonjwa. Ushahidi hutokana na kupima.

Kichwa kikiuma ghafla kwa ukali usio wa kawaida, au pamoja na degedege, kutoona vema au udhaifu wa upande mmoja, mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia.

Maswali
1. Eleza jinsi kingamwili zinavyoweza kusababisha kichwa kuuma.
2. Kwa nini nafuu baada ya dawa haitoshi kuthibitisha ugonjwa?