Somo la Robo Hii: Ardhi Hulindwa Mkutanoni



Katika somo hili tunaangalia jinsi haki ya ardhi inavyotegemea sauti ya mwananchi.

Tuanze na mfano wa mbali. Mwaka 1840 machifu wa Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, walitia saini Mkataba wa Waitangi na Waingereza. Maandishi ya Kimaori na ya Kiingereza yalitofautiana, na ardhi yao nyingi ikapotea. Mwaka 1867 walitengewa viti 4 bungeni; leo ni 7. Mwaka 1975 likaundwa baraza la kusikiliza madai yao chini ya mkataba huo. Karatasi ilianza kuwa na nguvu wenyewe walipopata mahali pa kuidai.

Sasa turudi Hanang. Wabarabaig hawakuwa na mkataba. Walikuwa na mila. Kuanzia miaka ya 1970 mashamba 7 ya ngano ya NAFCO, kwa msaada wa Kanada, yalichukua takriban ekari 100,000, yakiwamo malisho bora na makaburi ya wazee wao. Kijiji cha Mulbadaw kilifungua kesi. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ilikipa ushindi kwa sehemu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua, kwa kuwa kijiji hakikuonyesha ushahidi wa kugawiwa ardhi ile. Mwaka 1987 Tangazo la Serikali Na. 88 likafuta haki za kimila katika eneo hilo.

Huko Mbulu tunaona upande wa pili. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Kwa sheria hiyo haki ya kimila ina hadhi sawa na hati nyingine, na Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji.

Hapo ndipo penye uzito. Mkutano Mkuu ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Lakini mfugaji akiwa amehamisha mifugo, Mhadzabe akiwa porini, na mama akiwa kisimani, idhini hutolewa na waliobaki. Tukumbuke Nabothi (1 Wafalme 21): shamba lake lilipotea mbele ya wazee wa mji wake mwenyewe, wala hakuna aliyesimama kumtetea.

Viongozi wa vijiji waliopo walichaguliwa tarehe 27 Novemba 2024 kwa miaka 5. Tusingoje uchaguzi ujao ndipo tukumbuke mikutano.

Kwa wafadhili: ngano ile nayo ilikuwa msaada. Kabla ya kuchangia kisima au shamba, ombeni muhtasari wa Mkutano Mkuu, mwone ni nani waliohudhuria.

Maswali ya kujadili
1. Katika kijiji chetu, ni akina nani wasioonekana mkutanoni, na kwa nini?
2. Je, tarehe na saa ya mkutano zinawafaa wafugaji na akina mama?
3. Je, kijiji chetu kina mpango wa matumizi ya ardhi, na nakala yake iko wapi?